Pumba za mpunga zizuie moto wa epoksi?

Ukifungua redio au simu mbovu, ile bodi ya kijani iliyobeba vifaa vyote ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, aina ya gundi ya plastiki inayokauka ikawa ngumu. Epoksi inashika vizuri na haipitishi umeme, lakini moto ukiidaka haiachi kirahisi. Kwa hiyo viwanda huitia bromini, elementi inayozuia moto, hasa katika kampaundi iitwayo TBBPA. Wanakemia wengi sasa wanatafuta mbadala wake kwenye mimea. Nia hiyo naiunga mkono. Nisichokikubali ni dhana kwamba kilichotoka shambani lazima kiwe salama.

Asidi ya fitiki, iliyomo kwenye pumba za mpunga na mbegu nyingi, ina fosforasi karibu asilimia 28 ya uzito wake. Joto likipanda, fosforasi huifanya epoksi igeuke mkaa badala ya kutoa gesi za kuulisha moto, na mkaa huo hufunika sehemu ambayo haijaungua. Bromini hufanya kazi ndani ya miali yenyewe, ikikatiza mwako. Tatizo lake huja baadaye: bodi ikichomwa hovyo jalalani, moshi wake huweza kubeba dioksini za bromini, ambazo ni sumu kali. Kule Agbogbloshie, Accra, Ghana, vijana walichoma nyaya na mabaki ya elektroniki kwa miaka mingi ili wapate shaba, na moshi wake wakauvuta wao. Tangu 2009 Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali zenye sumu zinazodumu, umeorodhesha vizuia moto kadhaa vya bromini ili viondolewe, lakini TBBPA haimo.

Na TBBPA ina hoja yake, nayo ni nzito. Kwenye bodi huwa imefungamana kikemia na epoksi, haivuji ovyo wakati kifaa kinatumika. Asidi ya fitiki ikikorogwa tu ndani, hupenda maji na huvuruga kigandishi, yaani kemikali inayoifanya epoksi igande. Bodi yenye unyevu ikipitishwa kwenye lehemu ya nyuzi joto 260 hivi, maji hugeuka mvuke na tabaka huachana. Kwa hiyo wanakemia huifunga kwanza asidi hiyo na kampaundi nyingine ili itulie, na hiyo nyingine mara nyingi imetoka kwenye petroli.

Mbadala mwingine, kadanoli ya mafuta ya maganda ya korosho, unanigusa zaidi, maana Mtwara na Lindi maganda hayo tunayajua. Lakini molekuli yake ina mkia wa kaboni 15, na mkia huo ni kuni. Lazima iongezwe fosforasi, ambayo kwa kawaida huchimbwa kwenye miamba.

Mbadala hizi za mimea ningeanza nazo kwenye rangi za kukinga mbao na vyuma, ambako joto la lehemu halipo. Kwenye bodi, mtengenezaji anayetaka kuiondoa TBBPA aoneshe vipimo viwili: jinsi bodi yake inavyostahimili lehemu baada ya kukaa kwenye unyevu, na kilichomo kwenye moshi wake ikichomwa katika moto wa jalalani.