Gesi ya Mtwara haitajaza mtungi wako wa Makorora

Mtungi ukiisha tu huku kwetu Makorora, Tanga, lazima usikie mtu, "nchi imejaa gesi, mbona mtungi mdogo bado elfu ishirini na kitu?" Swali la haki kabisa ila jamani tunachanganya gesi mbili. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, na ya Mnazi Bay kule Mtwara, ni methani, inapita kwenye bomba kwenda kufua umeme na viwandani, huwezi kuijaza kwenye mtungi wa kilo 6 ukapikia. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja na meli toka nje, nyingine inashushwa hapahapa Tanga, kwa hiyo dola ikipanda tunaisikia jikoni. Na lile bomba la Chongoleani ambalo watu wanalisubiria ni la mafuta ghafi kutoka Uganda, gesi ya kupikia haimo.

Lakini mimi bei yenyewe hata hainikeri sana, kwa hesabu zangu mkaa wa mwezi mzima nao unakula hela ileile au zaidi. Tatizo mkaa unanunua kopo la leo, ya kesho Mungu anajua, gesi inataka hela yote kwa mkupuo, sasa mtu wa kibarua cha siku au anayechuuza samaki pale Deep Sea aitoe wapi tarehe 23? Ndo maana unaingia nyumba za watu unakuta mtungi upo kona umefunikwa kitambaa kizuri, aligawiwa kwenye mkutano, na uani jiko la mkaa linafuka (maharage sisemi, maharage hata mwenye hela anayapeleka kwenye mkaa). Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, sawa, ila tusihesabu mitungi iliyogawiwa, tuhesabu mingapi imerudi dukani kujazwa. Wauze gesi ya elfu mbili, ya elfu tatu, kwa mita kama LUKU ya umeme, Dar wameshaanza, sisi tumekosa nini?

Na wauzaji mizani wazitoe uvunguni. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa palepale kwenye mtungi, jumlisha kilo 6, pima mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, akikwambia mizani mbovu nenda duka la pili.