Pima seva kabla ya kununua RAM

Mwisho wa mwezi, wahasibu wanapofunga hesabu na seva ikaanza kukokota miguu, neno la kwanza kusikika ofisini ni "tuongeze RAM". Huko ni kumeza dawa ya malaria bila kupima damu, na nalipinga kwa nguvu zote, kwa sababu fedha inakwenda na seva inabaki vilevile.

Chukua mfumo wa stoo na ankara unaotumia databesi ya PostgreSQL juu ya Linux. Pima saa ileile watu wanapolalamika, maana saa nne usiku kila seva ni nzima. Andika `vmstat 5`, amri inayoonyesha hali ya mashine kila sekunde 5. Mstari wa kwanza uruke. Huo ni wastani tangu mashine iwashwe. Safu za `si` na `so` (data inayohamishwa kati ya RAM na diski) zikionyesha namba mfululizo, hapo RAM kweli haitoshi. Zikiwa sifuri huku safu ya `wa` (asilimia ya muda prosesa inasubiri diski) iko juu, michakato inasubiri diski. Usitishwe na "load" (idadi ya michakato iliyo kazini au kwenye foleni) peke yake: Linux huhesabu humo hata wanaosubiri diski, kwa hiyo inaweza kufika 12 kwenye mashine ya kori 8 huku prosesa imekaa bure.

Diski ya kuzunguka ya 7200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Ongeza mwendo wa kichwa chake, utaona kwa nini usomaji wa hapa na pale ukifika mia moja na kitu kwa sekunde imeshachoka. SSD, diski isiyozunguka, itasaidia, lakini uliza kwanza: inasomeshwa nini chote hicho?

Jibu liko kwenye `pg_stat_statements`, nyongeza ya PostgreSQL inayojumlisha muda wa kila kwiri, yaani kila ombi kwa databesi. Iwekwe kwenye mpangilio wa `shared_preload_libraries`, seva ya databesi iwashwe upya, kisha `CREATE EXTENSION`. Panga kwa `total_exec_time`, yaani jumla ya muda, si kwa kwiri iliyochukua muda mrefu mara moja. Ripoti ya sekunde 60 inayotolewa mara moja kwa siku ni kelele tu. Kwiri ya milisekunde 40 inayoitwa mara 50,000 inakula sekunde 2,000.

Kwiri hiyo ipitishe kwenye `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` uone databesi inaitekelezaje. Kama ni UPDATE au DELETE, izungushie BEGIN na ROLLBACK ili mabadiliko yafutwe, kwani ANALYZE huitekeleza kweli. Ukiona Seq Scan (kusoma jedwali zima) inatupa rekodi milioni mbili ili irudishe 12, umempata mwizi. Mara nyingi ni ufunguo wa kigeni, yaani safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine, mfano `ankara_id` kwenye jedwali la bidhaa zilizouzwa: PostgreSQL haiuwekei indeksi (orodha ya kutafutia haraka) yenyewe, na wengi hudhani inaiweka. Tumia `CREATE INDEX CONCURRENTLY` ili mauzo yasisimame. Ikikatika njiani huacha indeksi batili. Ifute, uanze tena.

Kinachonikera zaidi ni `work_mem`, kiasi cha RAM cha kupangia data, kupandishwa kiholela. Chaguomsingi ni MB 4, nayo ni kwa kila upangaji ndani ya kwiri, si kwa seva nzima. Weka MB 256, watu 40 waingie, kila kwiri ipange mara mbili: hiyo inaweza kufika GB 20, na RAM ikiisha Linux itaanza kuua michakato katikati ya kazi. Ripoti nzito ipewe yake peke yake, kwa `SET LOCAL work_mem` ndani ya muamala wake.