Mtoto atapita, jina litakalobaki ni la mama

Alhamisi usiku kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la sita halikulala. Mchana wake mwalimu alikuwa amemkuta mtoto nyuma ya vyoo vya shule na simu ya mama yake, wenzake wanne wamemzunguka, na walichokuwa wanatazama mzazi yeyote anakijua bila kuambiwa. Sauti zikatumwa, mama mmoja akalia kabisa ndani ya sauti yake. Kwenye saa nne hivi baba mmoja akaandika: "Wenzetu wameshalimaliza hili. Uingereza hufungui tovuti ya ngono bila kuonyesha kitambulisho. Na sisi kitambulisho cha taifa cha NIDA tunacho, alama za vidole tulishatoa, tunasubiri nini?" Dole gumba zikamiminika.

Niliandika jibu, likawa refu, nikalifuta. Usiku ule watu walikuwa na uchungu, na mwenye uchungu huwezi kumkalisha chini umweleze habari za faragha. Lakini jibu lenyewe bado ninalo, na sitaki kulimeza.

Kuhusu watoto sina ubishi na yule baba. Mtoto wa dada yangu hapa Uyole, Mbeya, ana miaka 12, baba yake yuko barabarani na malori muda mwingi, kwa hiyo malezi yake ni ya kwangu pia. Sitaki ajifunze mwili wa mwanamke kutoka kwenye video zilizotengenezwa na watu wasiomjua wala kumjali. Mtoto akishaona vile vitu havitoki kichwani kwa kuchapwa. Anayesema "waacheni, watazoea" hajakaa na mtoto aliyeshtuka.

Ila tuangalie Uingereza wamefanya nini hasa. Sheria yao ya Usalama Mtandaoni ilipitishwa mwaka 2023, na tangu tarehe 25 Julai 2025 tovuti za ngono zinatakiwa kuhakikisha umri wa mtu kwa njia inayoaminika. Kubofya "nina miaka 18" hakutoshi tena. Anayesimamia ni mamlaka yao ya mawasiliano, Ofcom, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, kutegemea ipi ni kubwa. Marekani walianza mapema zaidi: jimbo la Louisiana tangu Januari 2023, majimbo mengine yakafuata, na tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikakubali sheria ya namna hiyo ya Texas.

Sasa mtu anathibitishaje? Anapiga picha kitambulisho chake na kukituma. Au anajipiga selfi, kompyuta inakadiria umri kwa uso. Au anatumia kadi ya mkopo ya benki, au kampuni yake ya simu inamthibitisha. Mara nyingi anayepokea hivyo vitu si hata ile tovuti, ni kampuni ya tatu iliyokodiwa kwa kazi hiyo, ambayo mtumaji hajawahi kuisikia wala hajui ofisi yake iko nchi gani.

Yule baba aliandika "kuonyesha kitambulisho". Hilo neno ndilo lililonikosesha usingizi. Mlinzi wa ukumbi wa disko ukimwonyesha kitambulisho anasoma mwaka, anakurudishia, unapita. Kesho hakukumbuki. Kwenye intaneti hakuna kuonyesha, kuna kutuma, na ukishatuma huna mkono wa kurudishiwa. Kinachofanana nacho hapa kwetu ni kitabu cha wageni cha gesti. Wanaosafiri njia ya Tunduma wanakijua: daftari kubwa la mistari, jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi. Liko wazi pale mapokezi na peni yake imefungwa kamba. Wewe unapoandika jina lako unasoma ya waliokutangulia, na atakayekuja baada yako atasoma lako. Nimewahi kusimama mbele ya daftari la hivyo nikakuta jina la mtu ninayemfahamu, na chini yake, kwa mwandiko uleule, jina ambalo si la mke wake. Sikuwa na haki ya kujua. Nilijua kwa sababu daftari lilikuwa wazi.

Halafu chukua kitambulisho chenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tovuti ina swali moja tu, huyu ametimiza miaka 18 au hajatimiza, na jibu lake ni neno moja. Wewe unaipa sura yako, majina yako matatu, na namba ileile unayosajilia laini, unayofungulia akaunti ya benki, unayochukulia namba ya mlipakodi. Ni kama kuulizwa saa ngapi ukavua saa ukakabidhi.

Watu wa kampuni hizo husema wanafuta picha baada ya kuthibitisha. Inawezekana wapo wanaofuta kweli. Lakini Oktoba 2025 kampuni ya Discord, ambayo vijana wengi wanaitumia kuchati na kucheza gemu, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi, kupitia kampuni iliyokuwa ikiisaidia kuhudumia wateja. Vingi vilikuwa vimetumwa na watu waliokuwa wanajitetea kuhusu umri wao. Miezi michache kabla, Julai, programu ya wanawake ya Marekani iitwayo Tea ilivujisha picha kama 72,000, na karibu 13,000 kati ya hizo zilikuwa selfi na vitambulisho vya kujithibitisha. Hizo hazikuwa hata tovuti za ngono.

Ukitaka kujua inakuwaje siri ya chumbani ikivuja, rudi mwaka 2015. Tovuti ya Ashley Madison, ya watu walio kwenye ndoa wanaotafuta wa pembeni, ilidukuliwa na majina ya mamilioni yakamwagwa hadharani. Matapeli wakaanza kuwaandikia watu mmoja mmoja: lipa, la sivyo mkeo atajua. Mchungaji mmoja Marekani alijiua baada ya jina lake kuonekana humo. Sitetei walichokuwa wanatafuta mle. Ninachosema ni kwamba nenosiri likivuja unabadilisha, lakini aibu ya namna hii ikishavuja huibadilishi, na uso wako pia huubadilishi. Kwa mji kama Mbeya, ambako ukishuka daladala Kabwe unasalimiwa na watu watatu kabla hujavuka barabara, fikiria orodha hiyo ikizunguka kwenye makundi ya ukoo, ya kanisa, ya kazini.

Kuna wanaoniambia hayo ni ya huko mbali. Basi niseme ya hapa. Tulipoanza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa, nilikwenda kwa wakala mmoja chini ya mwamvuli, Mwanjelwa. Kijana mpole tu. Kulikuwa na baridi, vidole vimekakamaa, akaniambia, "Kaka, kidole hakijasoma, weka tena." Nikaweka. "Sugua kidogo kwenye suruali, weka tena." Nikasugua, nikaweka. Nilimshukuru kwa uvumilivu wake. Muda mrefu baadaye rafiki akanifundisha kubonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ikaja orodha, na ndani yake namba nisiyoijua kabisa. Sijui ilikuwa mikononi mwa nani, wala ilituma ujumbe gani kwa nani, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Najua tu kwamba kila ilipotumika, aliyekuwa anatumia ni mimi, kwa mujibu wa maandishi. Nilikwenda kuifuta kwenye ofisi ya mtandao husika. Dada wa kaunta akasikiliza, akasikitika kwa dhati, akanisogezea mashine. "Weka kidole, kaka."

Hakuna aliyekosea sheria ya usajili. Sheria ilikuwa na nia nzuri, kama ya Uingereza ilivyo na nia nzuri. Shimo lilikuwa pale chini ya mwamvuli, kati ya kidole changu na mashine ya mtu ninayemwamini kwa sababu ni mpole.

Na hapa Tanzania kuna jambo ambalo Uingereza hawana. Kwao video za ngono za watu wazima ni halali, kwa hiyo kitambulisho ni tiketi ya kuingia mahali palipo wazi. Kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ngono, kanuni za maudhui ya mtandaoni zinakataza pia, na tangu 2023 hata anayetumia VPN, programu inayoficha uko wapi mtandaoni, anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA. Kusema tulete mfumo wa kujiandikisha kwa NIDA ni kusema tutengeneze daftari la watu waliotaka kuingia mahali palipokatazwa. Litashikwa na nani hilo daftari? Leo linashikwa na mtu mwema. Keshokutwa kuna uchaguzi wa serikali ya mtaa, kuna kesi ya mirathi, kuna bosi anayetaka kumtoa mtu kazini.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu kwa shughuli husika, na alama za mwili inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Katiba nayo, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake. Neno "unyumba" limo humo humo ndani ya Katiba, na ningependa kila anayeandika sera za intaneti alisome taratibu.

Zipo njia ambazo tovuti haipewi kitambulisho chako. Ufaransa mamlaka yao, Arcom, inataka tovuti ziwe na njia ambayo anayethibitisha umri hajui unakwenda tovuti gani, na tovuti haijui wewe ni nani. Umoja wa Ulaya nao ulianza mwaka 2025 kujaribu programu ya simu inayotoa jibu moja tu, "ametimiza 18", bila jina wala tarehe. Hiyo naielewa. Ni sawa na mwenyekiti wa mtaa kukupa karatasi yenye mhuri, imeandikwa "huyu ni mtu mzima", haina jina lako. Hata hivyo Ufaransa kampuni inayomiliki tovuti ya ngono ya Pornhub ilichagua kujiondoa Juni 2025, na Uingereza siku sheria ilipoanza programu za VPN zilipanda juu kabisa kwenye orodha ya zinazopakuliwa. Sidhani wote waliozipakua walikuwa watu wazima.

Watoto wetu kwanza hawafiki huko kwenye tovuti. Video inarushwa WhatsApp, inarushwa Telegram, inatoka kwenye memori kadi ya kaka mkubwa. Aliyekamatwa Alhamisi hakuwa na bando, video ilikuwa tayari ndani ya simu, imeingia kupitia kundi ambalo mtu mzima alikuwamo. Kwa hilo ninamtaka yule baba tukae kikao: nani ana simu gani, watoto wanazishika saa ngapi, makundi yetu wenyewe yana nini, na kizuizi cha watoto kinawekwaje kwenye simu ya tachi, kitu cha dakika kumi ambacho mafundi wengi wa Sokomatola wanakijua.

Jumamosi nilikwenda kwa dada, Uyole. Alikuwa uani anachambua viazi vya kupeleka sokoni, simu yake iko kwenye kiti. Nilimwita mwanae, nikamuuliza bila kumtisha. "Mjomba, tuseme simu imekuambia leta kitambulisho ndiyo ufungue. Ungefanyaje?"

Hakufikiri. Alichukua simu ya mama yake, akachora ile alama ya kufungulia, akaingia WhatsApp, akapandisha kidogo mazungumzo na katibu wa kikoba, akanigeuzia kioo. Kitambulisho cha NIDA cha dada yangu, mbele na nyuma, kimepigwa juu ya kitambaa cha meza, herufi zote zinasomeka. "Hiki hapa, mjomba."

Dada alikuwa ameacha viazi, amesimama nyuma yetu. Nilimweleza kwamba mlango ule ungekuwepo, mtoto angepita, na kitabu kingeandika jina lake yeye. Alichukua simu, akaifuta ile picha. Akaifuta na kwenye picha za simu. Kisha akakaa juu ya gunia akaanza kuhesabu kwa vidole alikowahi kuituma: katibu wa kikoba, wakala wa laini, mwenye nyumba, yule kijana wa mikopo ya mtandaoni, mtu wa steshenari aliyemwambia aitume ili achapishe. Alipofika cha sita akasimama, akaniuliza, "Na wale waliokuja kuandikisha mbolea ya ruzuku, walipiga picha au walinakili tu?"