Nyota ya Pembe Sita Ilikuwa Yetu Pia

Picha huwa ni ileile: ukuta wa msikiti wa kale, au ukurasa wa kitabu cha dua, au sarafu ya shaba, na katikati yake nyota ya pembe sita. Haijapita nusu saa kundi zima la WhatsApp limewaka. Mmoja anasema ni njama, wa pili anaapa kuwa picha imechezewa, wa tatu anasema msikiti huo lazima ulijengwa na Mayahudi. Kwenye kundi jingine, la watu wa mrengo tofauti kabisa, picha hiyohiyo inarushwa kuthibitisha kwamba Waislamu waliiba alama ya watu. Mahasimu hawa wanakubaliana jambo moja tu, kwamba alama ile ina mwenyewe mmoja. Hapo ndipo ninapoachana nao wote.

Nenda kwenye magofu ya Jumba la Hisham, karibu na Yeriko, la enzi ya Bani Umayya, karne ya 8. Lile dirisha la mawe lililosukwa kwa nyota ya pembe sita, ambalo Wapalestina leo wanalionea fahari, lilichongwa kwa ajili ya watawala wa Kiislamu. Kaburi la Humayun kule Delhi lina nyota hizo ukutani. Bendera ya Hayreddin Barbarossa, amiri wa majeshi ya majini ya Dola ya Uthmania, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Jeshi la Majini mjini Istanbul, ina aya ya Qur'ani, majina ya makhalifa wanne, upanga wa ncha mbili, kiganja kidogo, na nyota ya pembe sita. Sarafu za shaba za Morocco za karne ya 19 zilikuwa nayo pia. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu kila mtu aliijua kuwa ni muhuri wa Nabii Suleiman.

Wayahudi nao walikuwa nayo, ila haikuwa ndiyo nembo yao. Ile nakala mashuhuri ya Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa Misri mwaka 1008, ambayo leo iko Saint Petersburg, ina nyota hiyo katika ukurasa wake wa mapambo. Lakini alama ya Uyahudi tangu zamani ilikuwa kinara cha matawi saba. Nyota ilianza kushikamana na jumuiya ya Wayahudi wa Prague, ikasambaa Ulaya taratibu, Wazayuni, waliotaka taifa la Wayahudi, wakaichukua Basel, Uswisi, mwaka 1897, Wanazi wakaishona kwa nguvu vifuani mwa watu, kisha ikapanda kwenye bendera ya Israel mwaka 1948. Historia ya karibuni, nzito na ya damu, ndiyo tunayoitazamia ukuta wa karne ya 8. Morocco walipoweka nyota ya kijani kwenye bendera yao nyekundu, Novemba 1915, walichagua ya pembe tano, na hiyo pia wakaiita muhuri wa Suleiman.

Pete yenyewe, ile inayosimuliwa kubeba muhuri huo, haimo katika Qur'ani. Qur'ani inasema Suleiman alitiishiwa majini na upepo. Habari za pete zinatoka kwa wasimulizi. Katika Talmud, mkusanyiko wa kale wa sheria na visa vya Wayahudi, Suleiman anamtuma mtu wake na pete na mnyororo vilivyochongwa Jina la Mungu, akamfunge Ashmedai, mfalme wa mashetani. Baadaye Ashmedai anaipata pete kwa hila na mfalme anatangatanga akiomba chakula. Katika hadithi za mitume tulizosimuliwa sisi, jini anaitwa Sakhr, anaitupa pete baharini, samaki anaimeza, na Suleiman anaipata tumboni mwa samaki. Ukimsimulia Mwislamu ile ya Talmud bila kumtajia ilikotoka, atakukosoa mambo mawili matatu tu.

Na kabla hata ya Uislamu, kule Iraki, watu walizika bakuli za udongo chini ya vizingiti vya nyumba, zimefunikwa kifudifudi, ndani yake maandishi ya Kiaramu yakizunguka mpaka katikati. Nyingi zilichimbuliwa Nippur mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi zinasema wazi kwamba nyumba hii imepigwa muhuri kwa pete ya Mfalme Suleiman bin Daudi. Waandishi wengi walikuwa Wayahudi, lakini wateja wana majina ya Kiajemi, yaani huenda waliabudu tofauti kabisa. Mteja alimfuata aliyesifika kwa kazi.

Lakini ukinitaka nionyeshe mahali ambapo dini hizi mbili zinakaa chumba kimoja, nitakupeleka kwa mzazi na mtoto mchanga. Kwa Wayahudi, anayewinda watoto wachanga ni Lilith. Ukutani mwa chumba cha mzazi ilitundikwa karatasi yenye majina ya malaika watatu, Sanvi, Sansanvi na Semangelof, kwa sababu Lilith aliwaapia kwamba palipo na majina yao hataingia. Katika hirizi nyingine anayekutana naye njiani ni Nabii Eliya. Anamuuliza unakwenda wapi. Anajibu, naenda kuua mtoto wa fulani. Eliya anamfunga mpaka ayataje majina yake yote na kuahidi kwamba penye majina hayo hatodhuru.

Sasa chukua kile kijitabu cha Waislamu kiitwacho Ahadi Saba za Suleiman, kilichovaliwa kama hirizi Misri na Maghrib. Suleiman anakutana na bikizee wa kutisha. Anamuuliza wewe nani. Ni Ummu Sibiani, mla watoto, mvunja mimba. Anamtisha, naye anatoa ahadi saba kwamba hatamkaribia anayezibeba. Jina la Ummu Sibiani halihitaji kuelezwa kwa mtu wa mwambao. Wazee wetu walilitaja kila mtoto aliposhtuka usiku, na mkononi wakamfunga mvuje, na usoni wakamtia doa la wanja. Wakristo wa Ethiopia nao wana Werzelya wao na Mtakatifu Susenyos anayemfukuza, katika magombo ya ngozi marefu kama mwenye kuyavaa. Bikizee ni yuleyule, amebadilishiwa tu mtu wa kumkamata.

Kisa kingine ninachokipenda zaidi, maana hiki kimetoka kwa wanazuoni wenyewe, ni cha Yaakub na wanawe. Katika Sura Yusuf anawaambia: msiingie kwa mlango mmoja, ingieni kwa milango mbalimbali. Kwa nini? Wafasiri wengi, wakipokea kutoka kwa Ibn Abbas, wanasema aliwaogopea jicho la hasidi, kwa kuwa walikuwa vijana wengi wazuri wa baba mmoja. Fungua Midrash, tafsiri ya kale ya Wayahudi, juu ya kitabu cha Mwanzo utakuta Yaakub anawaonya wanawe vilevile, na sababu ni ileile, jicho. Na Talmud inasema kizazi cha Yusuf hakiguswi na jicho. Anayeingia mji akiogopa ashike kidole gumba cha kulia kwa mkono wa kushoto na cha kushoto kwa mkono wa kulia, aseme, mimi ni wa uzao wa Yusuf. Tena inasema kizazi hicho ni kama samaki, maji yanawafunika jicho lisiwaone. Ndiyo maana kisiwani Djerba, Tunisia, samaki amechorwa kwenye kuta za Wayahudi. Jirani zao Waislamu wanamchora pia, bila kuhitaji Talmud.

Kiganja chenye vidole vitano nitakipitia haraka, kwa sababu siku hizi kimekuwa kidani cha duka la watalii. Lango la Haki pale Alhambra, lililojengwa mwaka 1348, lina mkono uliochongwa juu ya tao. Mwaka 1526 baraza la Charles V lililoketi Granada liliwakataza Wamorisko, Waislamu wa Hispania waliobatizwa, kuvaa mikono hiyo, wavae msalaba. Washia wanasoma ndani yake watu watano wa Ahlul Bait, nyumba ya Mtume, Wayahudi wanasoma vitabu vitano vya Taurati. Mwanamke wa Fez aliyeunyoosha mbele ya hasidi akasema "khamsa fi ainak", tano jichoni mwako, hakuwa anasoma chochote. Alikuwa anachoma jicho.

Na aliyemfulia kidani hicho, mara nyingi, alikuwa Myahudi. Kwa vizazi vingi usonara Morocco na Yemen ulikuwa mikononi mwao. Waislamu wengi waliuepuka, mojawapo ya sababu ikiwa hofu ya riba: kuuza fedha kwa bei inayozidi uzito wake kuliwatia shaka. Kwa hiyo ile mirija ya fedha ya Yemen, yenye vijinjugu vya kuning'inia, ambayo ndani yake bibi wa Kiislamu aliweka aya na bibi wa Kiyahudi akaweka zaburi, ilitoka karakana moja. Fundi hakuuliza kitawekwa nini ndani.

Hapa nawageukia wale wa upande wangu, wapenda historia tamu. Msinisikie nikisema walikuwa wakiishi kama ndugu wa tumbo moja. Myahudi wa Sana'a alipamba ala ya jambia kwa fedha, lakini sheria haikumruhusu kulivaa. Alikuwa dhimmi, asiye Mwislamu anayelindwa na dola lakini kwa daraja la chini, na alikumbushwa. Kutumia hirizi moja hakukumfanya sawa na mteja wake, na anayezitumia hirizi hizi kama cheti cha amani ya kale anazitwisha kazi isiyo yake. Zinathibitisha kitu kidogo zaidi, na kwangu kigumu zaidi kukikataa: waliogopa vitu vilevile, usiku uleule, na waliamini kwamba jina takatifu likiandikwa vizuri lina nguvu hata kama mkono ulioliandika si wa dini yako.

Wanazuoni walilalamika, bila shaka. Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Fustat, Misri, na kufariki mwaka 1204, aliandika kwamba wanaoingiza majina ya malaika ndani ya mezuza, ile ngozi ya aya za Taurati inayopigiliwa kwenye mwimo wa mlango, hawana fungu katika ulimwengu ujao. Wameigeuza amri ya Mungu kuwa hirizi ya kujinufaisha. Kwetu kuna hadithi aliyoipokea Imam Ahmad: mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Kisha kuna riwaya za masahaba: Abdullah bin Amr aliyewaandikia watoto wake dua na kuwatundikia, na Ibn Mas'ud aliyezikata hirizi. Talmud nayo ina mlango wa nyuma: hirizi iliyojaribiwa mara tatu ikaponya, ruhusa kutoka nayo siku ya Sabato. Mimi binafsi sifungi hirizi; nimelelewa na walimu wanaosema Ayatul Kursiyu na Mu'awwidhatain, sura mbili za mwisho za Qur'ani, zinatosha, na zimenitosha. Lakini nikimsoma Ibn Maimun akigomba, namsikia sheikh wa mtaani kwetu siku ya Ijumaa. Hata ugomvi ni wa pamoja.

Mwaka 1949 na 1950 karibu Wayahudi 49,000 waliondoka Yemen kwa ndege kwenda Israel. Wa Morocco, ambao mwaka 1948 walikuwa takribani robo milioni, wamebaki wachache mno. Kiganja kilisafiri nao, na leo mtoto aliyezaliwa Tel Aviv anadhani ni cha Kiyahudi tangu asili, sawasawa na mtoto wa Rabat anayedhani hakijawahi kupita mikononi mwa Myahudi. Katika masoko ya fedha ya Sana'a, majina ya Bawsani na Badihi, koo za masonara waliohama, yalibaki kuwa sifa ya kazi safi.

Ndiyo maana nakereka na vibao vya makumbusho. Casablanca wana makumbusho ya Uyahudi wa Morocco tangu mwaka 1997, na ni jambo jema, lakini duniani kote mtindo umekuwa kugawa: vidani hivi chumba cha Wayahudi, hivi chumba cha Uislamu, hali vimetoka nyundo moja. Ningekuwa na sauti, kibao kingeandikwa fundi ni nani, mteja ni nani, mji gani, na ndani ya mrija kulikutwa nini. Kama mrija ulikutwa mtupu, kiandike kwamba ulikuwa mtupu, na safu ya dini iachwe wazi.