Mtaji wa mwanamke, faida kwenye daftari la mwingine

Kuna hitimisho lililozunguka mno katika mijadala ya mikopo midogo: mpe mwanamke mtaji, biashara yake haikui. Chimbuko lake kubwa ni utafiti ulioanza Sri Lanka mwaka 2005, wa wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff. Wenye biashara ndogo walipewa kwa bahati nasibu ruzuku ya rupia 10,000 au 20,000. Kwa wastani mtaji huo ulizaa takriban asilimia 5 kwa mwezi, kiwango kinachozidi kabisa riba za soko. Walipotenganishwa wanaume na wanawake, faida ilionekana kwa wanaume. Kwa wanawake, sifuri.

Sifuri hiyo imewaponza wengi. Wapo waliosema wanawake wamejazana kwenye kazi zisizopanuka, na hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini sifuri hiyo ilipimwa wapi? Kwenye biashara ya mwanamke peke yake. Mwaka 2019 Arielle Bernhardt, Erica Field, Rohini Pande na Natalia Rigol walizipitia upya takwimu hizo, pamoja na za India na Ghana, wakauliza swali lingine: je, nyumbani kuna mwingine mwenye biashara? Pale mwanamke alipokuwa mfanyabiashara pekee, mtaji wake ulizaa kama wa mwanamume. Pale mume naye alipokuwa na biashara, fedha ilihamia huko.

Si vigumu kuona inavyotokea. Mwanamke anapokea fedha taslimu kwenye kikao cha kikundi. Anafika nyumbani, noti zimefungwa kwenye pindo la nguo. Kabla hajanunua cherehani ya pili, mume anataja bidhaa zilizomwishia dukani, mtoto anataja ada. Hakuna aliyemwibia, na kwa nyumba nzima huenda ni uamuzi wa busara. Ila rejesho la wiki ni lake, jina kwenye mkataba ni lake, na wanaomdhamini ni wenzake wa kikundi. Hili ndilo linaloniuma: deni linabaki kwake, faida inasomeka kwa mwingine, kisha yeye ndiye anayeitwa mfanyabiashara dhaifu.

Nchini Uganda, mchumi Emma Riley alifuatilia wanawake wapatao 3,000 waliokopa BRAC, shirika linalotoa mikopo midogo. Baadhi mkopo wao uliingizwa kwenye akaunti ya simu badala ya kutolewa taslimu. Miezi minane baadaye faida yao ilikuwa juu kwa takriban asilimia 15. Mkopo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba fedha haikupita mikononi mwa watu kabla haijafika kwenye biashara.

Wakopeshaji nao wasikilizwe. Rejesho la kila wiki linalinda nidhamu, na fedha wanayokopesha mara nyingi si yao. Kolkata, India, wakopaji waliopewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza walianzisha biashara nyingi zaidi, na baada ya miaka karibu mitatu faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Lakini walioshindwa kumaliza deni nao waliongezeka. Halafu kuna tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko: mikopo midogo, kwa wastani, haikuzitoa kaya kwenye umaskini. Nakubali. Sikubali wastani huo utumike kuwafungia wanawake dirisha, wakati namna ya kuwafikishia fedha bado haijarekebishwa.

Muda wa nafuu kabla ya rejesho la kwanza unahitaji mtu wa kubeba hasara, pengine mfuko wa dhamana, na hapo mjadala ni wa haki. Akaunti yenye jina lake na namba ya siri anayoijua yeye tu haihitaji mjadala mrefu hivyo. Ningeanza nayo hiyo, kabla ya semina nyingine ya ujasiriamali.