Springi mbili, kichwa kinauma

Nina laki tatu mkononi. Nataka baiskeli yangu ya kwanza ya milimani, ya kuhangaika na vumbi la Arusha Jumamosi asubuhi, basi. Lakini kila duka ninaloingia, muuzaji ananivuta kwenye jidude lilelile: springi mbele, springi nyuma, gia 21, rangi za kuwaka utadhani pikipiki. "Hii ndiyo mauntini yenyewe, bosi!"

Yenyewe kitu gani? Hebu inyanyue kwa mkono mmoja uone. Springi ya nyuma ya bei hiyo kazi yake ni kukunyonya tu: ukikanyaga pedeli kupanda mlima, nguvu zinaishia kuchezesha fremu kama kitanda cha kamba. Na hizo gia 21 ni sahani tatu za mbele mara saba za nyuma, nyingi zinajirudia.

Kinachonichoma zaidi, hakuna anayeniuliza urefu wangu. Mimi ni mrefu futi sita, naambiwa, "Utapandisha siti tu, kaka." Siti ikipanda, fremu nayo inarefuka?

Fundi wa mtaani kwetu alishanieleza: chukua mtumba, fremu ya alumini, nyuma isiwe na springi, zungusha rimu uangalie kama zinacheza, ubakize hela ya taili na cheni. Nimekwenda kwa wauza mtumba. Huko nako kila ninayoigusa "imeshuka juzi kutoka Japani." Na hii kutu yote imeshuka nayo juzi?