Karani wa Daktari na Mshahara Uitwao Uzoefu

Juma lililopita mpwa wangu, aliyehitimu shahada ya biolojia hapa Texas na anayejiandaa kuomba nafasi ya kusomea udaktari, alinipigia simu kwa furaha kunieleza kwamba amepata kazi ya ukarani wa daktari katika idara ya dharura. Nilipomuuliza mshahara alijibu, "Mjomba, cha muhimu ni uzoefu." Jibu hilo nalifahamu vizuri, maana miaka kadhaa iliyopita nililitoa mimi mwenyewe.

Kazi yenyewe siidharau. Ukimfuata daktari zamu nzima ukiandika maelezo ya mgonjwa, vipimo na sababu ya kila uamuzi, unatambua kwamba kwa mtu mwenye maumivu ya kifua daktari huanza kufikiria kile kinachoweza kuua kabla ya kile kinachotokea mara nyingi, jambo ambalo darasani sikulisikia.

Hata hivyo, tuseme ukweli. Tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2009 iwasukume madaktari kuhamishia mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta, kumekuwa na haja ya mikono ya kuandika kwa bei nafuu, na hakuna mikono iliyo nafuu kuliko ya kijana anayeota koti jeupe. Mwajiri anajua kwamba utaondoka baada ya mwaka mmoja au miwili, basi akuongeze mshahara kwa lipi? Kima cha chini cha Texas ni dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu mwaka huohuo wa 2009, na ujira wangu ulikizidi kidogo tu. Mwenzangu wa zamu, ambaye baba yake alimlipia kodi ya nyumba na ada ya MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, aliuona ujira huo kuwa posho. Mimi niliyetuma fedha nyumbani kila mwezi nilitoka zamu ya usiku nikaenda kupakia mizigo ghalani, kisha sote wawili tukaambiwa tushindane kwa usawa.

Tena baadhi ya vyuo vya madaktari wasaidizi havizihesabu saa hizo kuwa za kuhudumia wagonjwa unapoomba nafasi. Na sasa zipo programu zinazosikiliza mazungumzo na kuandika zenyewe, ambazo, kwa bahati ya waajiri, haziombi barua ya mapendekezo ya kupeleka chuoni.

Nilimshauri mpwa wangu aulize kwanza kama mafunzo yanalipwa, na asikubali kufungwa na mkataba wa miaka miwili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba amekwisha kutia saini.